Limi Azuia Miguu Yake

Limi ni mama lishe huko Rwamgasa, karibu na machimbo ya dhahabu. Jua linapochomoza, moto wake umeshawaka. Wachimbaji wakitoka kwenye maduara, yale mashimo marefu wanakochimba mawe, huja kwake moja kwa moja. Wana vumbi mpaka kwenye kope. Wanataka ugali, maharage na dagaa, na wanavitaka haraka.

Mume wake, Ezekiel, anafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kelele za karasha zimemzoesha kuongea kwa sauti kubwa hata akiwa nyumbani. Wana binti mmoja, Mageni, anayesoma darasa la nne. Kwa hiyo majirani huwaita Baba Mageni na Mama Mageni.

Limi anapenda kukimbia. Jioni akishaosha masufuria, huvaa raba zake na kushika barabara ya vumbi. Mwanzoni watu walimcheka. Walimuuliza anafukuzwa na nani. Sasa wamemzoea. Vijana wa bodaboda humpigia honi, naye huwapungia mkono.

Mwaka jana Limi alikwenda Shinyanga kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita ishirini na moja. Alikimbia kwa nguvu zake zote tangu mwanzo. Alitaka kuwapita wote, na kwa muda aliwapita kweli. Jua lilipopanda, kichwa kikaanza kumzunguka. Miguu ikalegea. Akaanguka barabarani kabla ya kufika mwisho, akapelekwa hospitali ya Kolandoto na kutundikiwa dripu. Alipona, lakini goti lake moja liliendelea kuuma. Kwa muda mrefu hakuweza hata kubeba ndoo ya maji.

Ezekiel alimkuta amelala kitandani, midomo imekauka, hajui ni siku gani. Jambo hilo halikumtoka kichwani.

Mwaka huu Limi alikuja na habari kubwa zaidi.

"Baba Mageni, nataka kwenda Mwanza," alisema walipokuwa wanakula.

"Kuna nini Mwanza?"

"Kuna marathoni. Nataka kukimbia yote, kilomita arobaini na mbili. Nimejiandaa kwa miezi mingi. Umeniona mwenyewe."

Ezekiel alirudisha tonge kwenye sahani.

"Nusu tu ilikuangusha. Nzima si itakuua?"

"Mwaka jana sikujua kukimbia."

"Na mwaka huu nani amekufundisha?"

Mageni aliwaangalia wote wawili, kisha akaendelea kula.

Baada ya siku chache, Ezekiel mwenyewe alirudi kwenye mazungumzo hayo. Alikuwa amesikia kanisani kwamba parokia moja ya mjini Geita inaandaa nusu marathoni, ili kuchangia ujenzi wa wodi ya wazazi. Mbio hizo zingefanyika wiki tatu kabla ya zile za Mwanza.

"Kimbia hizo kwanza," alisema. "Ukimaliza kwa miguu yako, mimi mwenyewe nitakusindikiza Mwanza. Ukibebwa tena, habari ya marathoni imekwisha humu ndani."

"Nimekubali," alisema Limi.

Alifurahi sana. Lakini furaha yake ilimpotosha. Alisikia kwamba wanawake watatu wa kwanza Geita watapewa mbuzi mmoja mmoja. Akawaza: nikirudi na mbuzi, hakuna atakayenizuia kwenda Mwanza. Basi akaanza kukimbia kwa kasi kila jioni, bila kupumzika hata siku moja. Hakupita muda mrefu, lile goti likaanza kuuma tena.

Alilificha goti lake mume asilione. Hakuweza kumficha Bernadina.

Bernadina ni jirani yao, na mtaani wanamwita Mama Onesmo. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo kimoja cha afya. Huwasaidia watu waliovunjika mifupa au kupooza ili watembee tena. Alipokuwa msichana alikuwa mkimbiaji, na mpaka leo anatembea kama mtu anayewahi mahali.

"Shikamoo, Mama Onesmo," Limi alimsalimia alipopita mbele ya mlango wake.

"Marahaba, Mama Mageni. Hebu rudi. Tembea tena nikuone."

Limi alitembea.

"Goti hilo limeanza lini?"

Limi alikaa kwenye kigoda akamweleza yote: kuanguka Shinyanga, masharti ya mume wake, mbuzi, na Mwanza. Bernadina alimsikiliza huku akilibonyeza goti polepole kwa vidole.

"Hujavunja kitu," alisema mwishoni. "Umelichosha tu. Pumzika kwanza, utembee badala ya kukimbia. Kesho pitia kituoni tukupime shinikizo la damu na moyo. Mtu anayetaka kukimbia mbali hivyo lazima ajue afya yake. Sasa niambie kitu kimoja. Kati ya mbio za Geita na za Mwanza, zipi ndizo mbio zako kubwa?"

"Za Mwanza."

"Basi za Geita ni mazoezi. Zikimbie kama mazoezi."

Limi alimkazia macho. "Mama Onesmo, mtu anakwendaje kwenye mashindano akafanya mazoezi? Watu watanipita."

"Watakupita, ndiyo. Waache wapite. Wakimbiaji wazuri hufanya hivyo mara nyingi. Siku ile barabara itakuwa haina magari. Maji yatakuwepo njiani. Watu wa huduma ya kwanza watakuwepo. Kutakuwa na ngoma na kelele. Kila kitu kitakuwa kama siku yako kubwa. Hapo unajifunza ule nini asubuhi, unywe maji vipi huku unakimbia, uutulize vipi moyo wako watu wanapokushangilia. Lakini nguvu zako usizimalize. Ukifika mwisho, ujisikie kwamba ungeweza kuendelea."

"Nikikimbia kwa nguvu zote Geita, itakuwaje?"

"Pengine utapata mbuzi. Lakini misuli itaumia, na wiki tatu si nyingi. Utafika Mwanza na miguu iliyochoka."

Limi alifikiri. Kisha akauliza swali lililokuwa linamsumbua.

"Nitajuaje kwamba sijazidisha? Mimi sina saa ya kupimia mwendo."

"Una mdomo. Unaijua Salamu Maria?"

Limi alicheka. "Nimebatizwa Ushirombo, Mama Onesmo. Nisijue Salamu Maria?"

"Basi isali kwa sauti ukikimbia. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, mwendo wako ni mwepesi. Hapo unaweza kwenda mbali. Ukiweza kusema maneno matatu au manne tu kisha upumue, hapo ni pagumu kiasi. Ukishindwa kusema hata neno moja, umezidisha. Punguza."

"Na siku ya Geita nisali vipi?"

"Kilomita kumi na tano za kwanza, kimbia ukiweza kusema sentensi nzima. Anza nyuma, usianze mbele. Baada ya hapo ongeza kidogo, ufike kwenye mwendo wa maneno matatu au manne. Huo ndio uwe mwendo wako wa Mwanza. Usipite hapo, hata ukiuona utepe wa mwisho."

"Hata nikimwona mbuzi?"

"Wewe unatafuta mbuzi au unatafuta Mwanza?"

Limi alitazama raba zake. "Mwanza," alisema.

"Haya. Jambo la mwisho, na hili usilisahau. Ukisikia kizunguzungu, au kifua kinabana, au umeacha kutokwa na jasho na mwili unasisimka baridi juani, simama. Usisubiri kuanguka. Kaa kivulini na uite msaada. Hiyo si aibu."

"Wabeja sana, Mama Onesmo," Limi alishukuru kwa Kisukuma.

Tangu siku hiyo Limi alibadilisha mazoezi yake. Vipimo vilionyesha kwamba ana afya njema. Goti lilipotulia, alianza kukimbia taratibu, siku nyingine akipumzika kabisa. Watu wa barabarani walimsikia akisali kwa sauti huku anakimbia. Wengine walidhani ameweka nadhiri.

Alijifunza pia kuhusu chakula. Siku moja alikula maharage kabla ya kukimbia, akalazimika kukatisha mbio na kutafuta kichaka. Siku nyingine alikula viazi vitamu viwili na kunywa uji mwepesi, kisha akasubiri tumbo litulie kabla ya kuondoka. Siku hiyo alikimbia vizuri. Akajua chakula chake ni kipi.

Ezekiel alimletea zawadi ya raba mpya, nyekundu, kwa ajili ya siku ya Geita. Limi alizipenda sana. Lakini Bernadina alimwambia asivae raba mpya siku ya mbio, kwa sababu zingeweza kumchubua. Basi akaanza kuzivaa katika mazoezi mafupi ili miguu izizoee kabla ya siku ya Mwanza.

Siku ikafika. Uwanja wa parokia ulijaa watu tangu asubuhi. Kwaya iliimba, vijana walipiga ngoma, na pembeni mbuzi watatu walikuwa wamefungwa utepe shingoni. Limi aliwatazama mara moja akageuka.

Mwili wote ulimchemka kwa hamu. Alitaka kwenda mbele, kwenye mstari, pamoja na wasichana wenye mbio. Mmoja wao alikuwa Dorah, msichana mrefu wa Geita mjini aliyevaa fulana ya njano. Watu walikuwa wanalitaja jina lake. Limi alijilazimisha kurudi nyuma, akasimama kati ya walimu na masista waliokuja kukimbia kwa furaha tu.

Ezekiel naye alikuwa tayari. Alikuwa amemwomba rafiki yake Davis, dereva wa bodaboda, wamfuate Limi kwa njia za pembeni.

"Nakuja kukuangalia usianguke," alimwambia mkewe. "Ukiona umechoka, simama. Mimi nipo."

Filimbi ikalia, na watu wakatoka kwa kishindo.

Karibu wote walimpita Limi. Vijana walimpita. Mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni alimpita huku akimsalimia. Limi alihisi miguu inamvuta, kama mbuzi anayetaka kukata kamba. Akafungua mdomo, akaanza: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe." Maneno yakatoka yote bila kukatika. Akajua yuko sawa.

Kwenye meza ya kwanza ya maji alichukua kikombe, akanywa mafunda machache, akaendelea. Mwaka jana alizipita meza zote bila kunywa. Safari hii hakuipita hata moja. Alikunywa kidogo kidogo, tumbo lisijae.

Kwenye njia panda ya kwanza aliwaona Ezekiel na Davis wamesimama na pikipiki.

"Vipi, mama? Unajisikiaje?" aliuliza Ezekiel kwa wasiwasi.

"Najisikia vizuri, Baba Mageni, na mdomo wangu haujakauka hata kidogo," alijibu Limi kwa sentensi nzima.

Ezekiel alishangaa. Alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akamwambia Davis, "Mbona hajachoka?"

Kwenye njia panda ya pili, baadhi ya waliokuwa mbele walikuwa wameanza kutembea, mikono kiunoni. Limi aliwapita, na bado alikuwa anasali. Wasiwasi wa Ezekiel ukaanza kuisha. Kitu kingine kikaanza kumpanda.

"Davis, hesabu wanawake walio mbele yake," alisema.

"Sita."

"Twende mbele."

Limi alipokiona kibao cha kilomita kumi na tano, alicheka peke yake. Sasa alikuwa na ruhusa. Akaongeza mwendo kidogo. Upepo ukampiga usoni. Alimpita mwanamke mmoja, kisha mwingine, kisha msichana aliyekuwa ameshika ubavu. Akajipima: "Salamu Maria, umejaa," akavuta pumzi. "Neema, Bwana yu," akavuta pumzi. Maneno matatu au manne. Hapo hapo. Asipite hapo.

Sasa alikuwa wa nne. Mbele yake, si mbali, aliiona fulana ya njano. Ni Dorah, na alikuwa anayumba kidogo kwa uchovu.

Umati ulikuwa umejipanga pande zote mbili. Akina mama walipiga vigelegele. Honi za bodaboda zililia. Juu ya kelele zote hizo Limi aliisikia sauti moja anayoijua, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na karasha.

"Mama Mageni, ongeza! Yule wa njano amekwisha! Wa tatu yule!"

Ezekiel alikuwa amesimama juu ya kiti cha pikipiki. Davis alimshika suruali asidondoke. Ezekiel alikuwa amesahau kabisa habari ya kuanguka, hospitali na masharti yake mwenyewe.

"Ongeza, mama, mbuzi yule pale!"

Limi alimwona mbuzi kweli. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo, karibu na utepe wa mwisho. Limi alijua anaweza kumpita Dorah. Miguu yake ilikuwa na nguvu ambazo hajawahi kuwa nazo mwishoni mwa mbio. Kilichohitajika ni kuiachia tu.

Hakuiachia. Alitazama chini, akasema kwa sauti, "Mwanza, wiki tatu," akavuta pumzi, akashikilia mwendo ule ule. Dorah akavuka utepe. Limi akavuka nyuma yake, wa nne, kichwa kimenyooka.

Dorah alijitupa kwenye majani akalala chali. Limi alitembea taratibu kuzunguka uwanja, kama Bernadina alivyomwelekeza, akanywa maji, kisha akamsogezea Dorah kikombe kimoja.

"Dada, ulikuwa na nguvu kuliko mimi," alisema Dorah. "Kwa nini hukunipita?"

"Mbio zangu bado," alijibu Limi.

Ezekiel alikuja mbio, jasho linamtoka utadhani yeye ndiye aliyekimbia.

"Mama Mageni, mbuzi alikuwa mkononi mwako. Hatua chache tu. Nitawaambia nini watu wa karasha?"

Bernadina alikuwa amewasubiri hapo mwisho. Alimshika Ezekiel bega.

"Baba Mageni, mwangalie mke wako."

Ezekiel alimwangalia. Limi alikuwa amesimama mwenyewe. Alikuwa anakula ndizi na kuzungumza na masista. Uso wake uling'aa.

"Mwaka jana ulimkuta wapi?" aliuliza Bernadina.

Hasira ya Ezekiel ilishuka kidogo kidogo.

"Kitandani," alisema. "Hakunijua."

"Leo amekimbia umbali ule ule wa Shinyanga, akamaliza, na bado ana akiba. Akiba hiyo ndiyo atakayokimbia nayo Mwanza. Angeimaliza leo, ungepata mbuzi na ungekosa mkimbiaji."

Ezekiel alijikuna kichwa. Akaenda kwa mkewe.

"Nilisema nitakusindikiza," alisema. "Nitakusindikiza. Lakini nisamehe kwa zile kelele."

"Ulitaka kuniharibia mbio," alisema Limi, huku akicheka.

Kesho yake Limi alikuwa jikoni kwake, akiwapakulia wachimbaji. Miguu ilikuwa mizito kidogo, lakini goti halikuuma. Siku zilizofuata alitembea tu, akala vizuri, akalala mapema. Ezekiel alichukua kazi ya kuchota maji mpaka safari iishe. Baadaye Limi alirudi kwenye mbio, lakini fupi na nyepesi, ili afike Mwanza miguu ikiwa mipya.

Mwanza ilikuwa na watu wengi kuliko alivyofikiri. Barabara ilipanda na kushuka kati ya mawe makubwa, na ziwa lilionekana upande mmoja. Limi alianza nyuma tena, polepole. Hakuna kilichomshangaza. Chakula cha asubuhi alikijua. Meza za maji alizijua. Hata moyo wake kudunda kwa hamu aliujua, akaacha udunde.

Nusu ya kwanza aliikimbia kwa mazungumzo, akipiga soga na mwanamume mmoja kutoka Bariadi. Kisha safari ikawa ngumu. Jua liliwaka. Mwanamume wa Bariadi akabaki nyuma. Baada ya kilomita thelathini, watu wengi walikuwa wanatembea, na wengine wamekaa pembeni wakikandwa misuli. Mapaja ya Limi yaliuma. Vidole viliuma. Lakini ndani bado kulikuwa na kitu. Akaendelea kukichota, kidogo kidogo, kilima baada ya kilima.

Katika kilomita ya mwisho hakuwa na sababu ya kujizuia tena. Akaiachia miguu yake yote. Aliwapita vijana wawili, akampita mzungu mmoja, akavuka mstari akiwa amenyanyua mikono juu, huku anacheka na kulia kwa pamoja. Walimvisha medali shingoni.

Ezekiel alikuwa amesimama nyuma ya kamba. Siku nzima alikuwa ameandaa maneno ya kumpigia kelele atakapotokea. Alipomwona akija kwa mbio, aliyasahau yote. Sauti yake yote ya karasha haikutoka. Machozi yalimteremka mbele za watu, naye hakuyafuta.

Limi alitembea mpaka kwake, kwa miguu yake mwenyewe, akaegemea kamba.

"Baba Mageni," alisema, "nina njaa. Twende tukatafute samaki."